Jina la Nane

Nalala. Sikukusudia, nimejiegesha tu, saa saba mchana, tumbo limejaa wali maharage wa jikoni ambako leo nimekula peke yangu kwenye meza ya watu kumi na mbili, hata mpishi akanionea huruma, akaniongezea maharage bila kunitania. Nimejiegesha kwenye kitanda cha Eusebia, cha chini karibu na dirisha, ambacho sasa ni chaga tupu bila godoro, kwa sababu changu cha juu yake naogopa kukipanda leo, ukiwa kule juu unakiona chumba chote jinsi kilivyo kitupu. Chumba namba tisa, jamani. Chumba hiki kilikuwa stendi. Mtu anasukwa hapa, mwingine anapiga pasi pale, wawili wanagombania kioo, watatu wa chumba cha pili wamefuata chumvi tangu asubuhi na bado wamekaa, na mimi Sikitu katikati yao, miguu juu ya ndoo, nagawa ubuyu wa chuo kizima, nani kaachana na nani, mwalimu gani kabadilisha miwani na kwa ajili ya nani. Wote wamefunga mabegi wamekwenda makwao, likizo imeanza jana. Nimebaki mimi na karatasi nne nyeupe za Mwalimu Kihwelo. Juu ya ile ya kwanza nimenakili swali lake kama lilivyo: Eleza stadi ulizojifunza kupitia kazi ulizopewa chuoni. Chini yake hakuna kitu. Wenzangu walikabidhi tangu juzi. Mwisho ni leo saa kumi kamili, alama zote zinafungwa zinapelekwa makao makuu, na zikishafungwa hakuna wa kuzigusa tena, si zangu si za mtu mwingine. Nikifika hapo, kwenye huyo mtu mwingine, ndipo macho yanapokuwa mazito, chaga zinaachana polepole kama vidole vya mkono, na mimi napita katikati.

Siangukii sakafuni. Naangukia njia. Ni njia nyeupe iliyopigwa mistari ya buluu kutoka huku hadi kule, kama daftari lililokunjuliwa likakataa kwisha, na pembeni yake unakimbia mstari mmoja mwekundu, ule tuliokatazwa kuuvuka tangu darasa la kwanza. Natembea. Mstari baada ya mstari, na kila nikidhani nimefika mwisho wa ukurasa, ukurasa unajifunua mwingine, mweupe vilevile, na sauti pekee ni ya ndala zangu. Hilo ndilo linalonitisha. Njia haiishi, sawa, njia nyingi haziishi. Lakini njia isiyo na mtu, mimi sijaizoea, mimi nimekulia Tanga, nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na bomba moja uani, ambako hata ukitaka kulia lazima upange foleni na utapata wa kulia naye. Kwa hiyo nikiliona geti mbele, na kwenye geti mtu amekaa kwenye stuli kajitanda khanga, nafurahi mpaka naanza kukimbia. Habari za mchana, namwambia kwa mbali. Anageuka. Hana uso. Pale penye uso pako laini, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Lakini mdomo wangu haujui kukaa kimya, unauliza, na nyumbani hawajambo? Ananyoosha mkono kama anayepokea karatasi, ananiuliza: Mko wangapi? Natazama nyuma, niko peke yangu. Ulimi una mazoea yake, unasema, tuko saba. Saba, anarudia yule asiye na uso, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Mbona vivuli vinane? Natazama chini, na kweli miguuni mwangu vimelala vivuli vingi, navihesabu kwa kidole, vinatoka nane, na kile cha nane kimejikunja pembeni kama kinachoomba radhi kwa kuwepo. Geti linafunguka hata sijaomba. Naingia nikivuta vivuli vyangu.

Saba ndilo jibu nililompa Mwalimu Kihwelo siku ile. Nasema kwa sauti, maana njia ni ndefu na sina mwingine wa kumsimulia, namsimulia mstari mwekundu. Kikundi namba nne tulikuwa wanane, mwenyekiti mimi. Kazi yetu ya mwisho wa mwaka ilikuwa kuchunguza bomba la maji la kijiji cha jirani, kwa nini limejengwa, maji yanatoka, na wanawake bado wanakwenda kuchota kisimani kwenye bonde. Eusebia wa Mbinga, Sebi wetu, mpole huyo, anayeongea kama anaazima maneno na lazima ayarudishe, ndiye aliyeandika ripoti yote, kurasa thelathini, kwa mkono, halafu akachapa. Mimi nikabakiwa na karatasi ya mbele tu, majina na namba za usajili. Siku mbili kabla ya kukabidhi akaja Mwantumu wa chumba cha pili, kakunja kitenge kiunoni, macho yanang'aa, unamjua mtu mwenye ubuyu. Shoga, una habari? Sebi kakuita mdomo tu. Basi nikavimba. Nikaenda steshenari na majina saba. Sikutaka kumwangamiza, haki ya Mungu. Pale chuoni kila kikundi kina mtu wake anayesahauliwa, halafu anaongezwa chini kwa kalamu, dakika ya mwisho, karatasi imewekwa kwenye ukuta wa nje ya ofisi, watu wanacheka, mambo yanakwisha. Nilitaka aje aniombe kalamu hiyo mbele za watu. Aone kama mdomo tu hauna kazi. Hakuja. Alikuwa zahanati ametundikiwa dripu, malaria, na mimi ninayejua habari za kila mtu hiyo sikuijua. Mwalimu akatoka mwenyewe kukusanya, akaniuliza, mko wangapi? Watu wamejaa, wote wananitazama. Nikasema saba. Matokeo ya awali yalipobandikwa, mbele ya jina la Eusebia palikuwa na sifuri, na neno moja, arudie. Mwaka mzima. Hakunishitaki wala hakuninunia. Alikunja godoro lake akaondoka Jumamosi, tulipokuwa sote uwanjani kwenye mechi.

Nikimaliza kusimulia nauona mji. Nyumba upande huu, nyumba upande ule, na zile za upande ule ni hizi hizi zimetazamishwa, hadi mlango ulioegemea kushoto kule umeegemea kulia. Na kelele, jamani, kelele tamu! Vicheko, masufuria, mtoto anaoga kwa nguvu, mtu anamwita mtu mara tatu. Nakaribia kulia kwa furaha. Hodi! napaza sauti mlango wa kwanza. Karibu, wanaitikia wengi kwa pamoja. Naingia. Hakuna mtu. Sinia la pilau liko chini linatoa moshi, limeanza kuliwa pembeni, vikombe vinane vya maji, mkeka. Naweka kiganja kwenye mkeka, una joto la watu waliokuwa wamekaa sasa hivi. Vicheko viko nyumba ya pili. Nakimbilia ya pili. Hodi! Karibu! Pilau lile lile, mkeka wenye joto lile lile, na vicheko viko nyumba ya tatu. Ya tatu, ya saba, ya kumi. Nyumba ya kumi na moja naegemeza sikio ukutani nisikie wanasema nini, najua si adabu lakini ndivyo nilivyo, na nasikia jina langu. Sikitu, anasema mmoja. Wengine wanacheka. Sikitu nini? napiga kelele, semeni basi, mimi hapa! Wananyamaza wote kwa pamoja, na ukimya wenyewe ni kama wa chumba namba tisa. Natoka nje. Sijui nimekaa humo muda gani. Mtu asiye na uso ananingojea barabarani, ni yule wa geti au ni mwingine, kwa watu wa namna hiyo utajuaje. Dada, namwambia, watu wa hapa wako wapi? Ananijibu: Wako pale ulipowaacha. Namuuliza, nyumba hii ni ya nani? Ya yule uliyemfungia nje. Majibu gani haya, namwambia, ungekuwa Tanga usingepata hata mchumba. Anageuka anatembea, namfuata.

Ananifikisha sokoni. Soko nalo halina mtu, lina mikeka tu, mamia, na juu ya kila mkeka kibao cha karatasi kinachosema bidhaa. Kupiga mstari wa jedwali usipinde. Kumfupisha mzee aliyeongea saa mbili akatosha mistari mitatu. Kukabidhi mapema. Kuuliza swali lisilouma. Naipita mikeka ya wenzangu, yote naijua kwa mwandiko, na kila mmoja una kitu, hata wa Mwantumu, ambaye mimi nilijua hakusoma, umeandikwa, kukumbuka tarehe zote. Mkeka wa mwisho una jina langu na hauna kibao. Wewe umeleta nini? ananiuliza mtu yule. Sina, nasema. Nilichojua ni kuongea, na kuongea nilikuja nako kutoka nyumbani, chuo hakikunifundisha. Kazi zote waliandika wengine, mimi niliweka jina. Nikisema hivyo naona aibu, na aibu ya peke yako ni mbaya kuliko ile ya mbele za watu, haina wa kuikatisha kwa kicheko. Yule anaelekeza kidole kwenye mkeka. Nani alichambua kunde? anauliza. Na kwenye mkeka pananitokea ungo, na ndani ya ungo kunde, na nakumbuka. Bibi Mwanamvua, anayekaa nyumba chache kutoka lile bomba. Eusebia kakaa mbele yake na daftari, anasoma, swali la kwanza, je, unatumia chanzo gani cha maji? Bibi akamwambia, mwanangu, mimi si mtihani, ondoka hapo unanizibia jua. Eusebia akanitazama, macho yamejaa machozi. Nikakaa chini, nikauvuta ungo wa bibi, nikaanza kuchambua kunde zake bila kuuliza. Nikamwambia, bibi, hivi yule jirani yako wa nyumba ya bati jipya, kaolewa au kajengewa? Wee! Bibi akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza kigoda. Tulikaa mpaka alasiri. Katikati ya ubuyu huo ndipo lilipotoka jibu la uchunguzi mzima: bomba limewekwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, unachota huku anakusikiliza, na msimamizi anakuharakisha, hakuna pa kukaa, hakuna pa kusemea ya moyoni. Kisimani kuna jiwe. Wanawake wanakwenda kwenye jiwe, maji wanarudi nayo tu. Eusebia nyuma yangu anaandika, anaandika, kichwa chini. Aya ile Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima. Nilipiga makofi nikidhani ni yake peke yake.

Hiyo ni stadi? namuuliza asiye na uso. Ananijibu: Ni stadi ukiwa na mtu wa kuiandika. Nataka kumuuliza zaidi lakini mikeka inaanza kujikunja yenyewe, kama watu wanaoondoka mvua ikianza, na njia inatubeba, na sasa pembeni badala ya nyumba ni mabomba, yamesimama kwenye saruji, moja, kumi, hayahesabiki, hadi macho yanapokomea. Nina kiu ya mtu aliyeongea peke yake siku nzima. Nafungua bomba. Hayatoki maji, inatoka sauti. Shoga, una habari? Ni Mwantumu. Sebi kakuita mdomo tu. Na mkono wangu, bila kuulizwa, unalifunga, kwa kuwa hapo ndipo nilipolifunga siku ile: nilisikia hayo, nikainuka, nikabamiza mlango nyuma yangu. Nafungua lingine. Shoga, una habari? Kakuita mdomo tu. Nafunga. Lingine. Nafunga. Natembea maili nzima nikifungua na kufunga, kakuita mdomo tu, kakuita mdomo tu, na najisikia vilevile, kila mara najisikia vilevile, mpaka nachoka kukasirika. Mtu asiye na uso anasema: Ndoo haijajaa. Basi nashika mkono wangu mmoja kwa mwingine, naliacha bomba likimbie. Kakuita mdomo tu, anasema Mwantumu, ee, mbona unainuka, ngoja basi nimalizie, Sikitu! Sikitu, rudi wewe! Mlango unabamizwa. Halafu, chini kabisa, kama maji ya mwisho kwenye mpira, sauti inayoazima maneno: Sikitu mdomo tu, mimi mkono tu. Ningekwenda kule peke yangu yule bibi angenifukuza na daftari langu. Mwakani tukigawanywa upya, nani atanibishia hodi?

Nasimama hapo. Sijui kama maneno haya yalipata kusemwa, au bomba limenionea huruma kama mpishi. Sauti imekwisha, bomba linadondosha tone moja moja, na yule mtu anakinga kiganja chake chini ya tone, na naiona sugu. Kwenye kidole cha kati, upande wa ndani, sugu ngumu ya kushika kalamu, nimeitania mara mia, nilikuwa nasema Sebi wewe ukiolewa mumeo atajikwaruza. Sebi? nasema. Ananigeuzia ile sahani. Mko wangapi? Najua jibu. Nalijua tangu zamani, na najua pia linachogharimu, kanuni imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, mwenyekiti wa kikundi akidanganya kwenye karatasi ya mbele anafutiwa alama, anarudia yeye. Nawaona wanawake wa nyumba yetu Tanga, vyumba vyote kumi, wameshashona sare kwa ajili ya mahafali yangu ya mwakani, mama amewaambia hadi wauza mkaa. Nawaona wamejipanga barabarani kwa sare zao, safari hii nyuso wanazo, zote zimenigeukia. Hata hivyo nafungua mdomo kusema. Haufunguki. Napeleka mkono usoni, hakuna mdomo, hakuna pua, pako laini, kama sahani. Mimi, Sikitu, sina mdomo! Nataka kupiga yowe na yowe halina pa kutokea, linazunguka ndani linanirudia. Na yeye, taratibu, ananipa kalamu. Napiga magoti kwenye njia nyeupe. Mkono wangu hauna mazoea, herufi ya kwanza inakaa vibaya, inavuka mstari mwekundu. Naandika E. Naandika u. Wino unaingia kwenye njia kama kwenye pamba, na njia inaanza kulegea chini ya magoti, na mimi

naamka. Chaga zimenichora mgongo. Jua limehamia ukuta wa pili. Simu inasema saa tisa na dakika tano. Nagusa mdomo, upo. Nasema hodi, kwa sauti, kwenye chumba kitupu, na hakuna anayeitikia, kwa hiyo labda huku ndiko kwenyewe, kule waliitikia. Nampigia Eusebia. Haipatikani, Mbinga mtandao una siku zake. Nampigia Mwantumu, nataka nimuulize, siku ile ulitaka kumalizia nini? Inaita, inaita, inakata. Karatasi ziko sakafuni palepale, swali juu, nyeupe chini. Nakaa chini nainama. Naandika. Sijawahi kuandika kitu chochote peke yangu hapa chuoni na sijui kama huwa kunauma hivi. Naandika kwamba nimejifunza kuchambua kunde za mtu mpaka aseme. Naandika kwamba nimejifunza pia kusikia nusu na kuondoka nayo, na hiyo hakunifundisha mwalimu yeyote lakini niliifanyia mazoezi kwenye kazi ya kikundi. Naandika karatasi ya mbele ilivyokuwa na ilivyotakiwa kuwa. Kurasa tatu na nusu. Kidole cha kati kinawaka moto. Saa kumi kasoro dakika nane natoka mbio na ndala.

Korido ya ofisi sikumbuki kama ilikuwa ndefu hivi. Milango upande huu, milango upande ule, yote imefungwa, na vigae vyeupe vya chini vina mistari ya buluu, sijui ilikuwepo siku zote au ni leo nimeiona. Mlango wa mwisho uko wazi. Hodi, nasema. Karibu. Mwalimu Kihwelo kakaa nyuma ya meza, dirisha liko mgongoni kwake, jua limejaa dirisha zima, na pale penye uso wake naona weupe tu. Shikamoo mwalimu. Hajibu, au amejibu na mapigo ya moyo wangu yamemfunika. Nasema, nimeleta tafakari yangu, na ndani kuna jambo la kikundi namba nne. Ananyoosha mkono kupokea. Mkono unatoka kwenye mwanga ukiwa na kidole cha kati chenye sugu, na walimu nao wana sugu, wanasahihisha usiku kucha, najua. Mko wangapi? anauliza.

Natazama chini, kwenye vigae. Sioni vizuri, macho yana maji.

Wanane, nasema. Wa kwanza hapo ni Eusebia.